MAONI: Anga ya Thika inasomwa na wengine, mbona jina lako halimo?

Wacha nianze kwa kukiri. Mwaka 2021 nilikuwa nikikaa bedsita moja pale Kimbo, Ruiru. Shahada yangu ya fizikia ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, nami usiku kucha niliwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Unaijua hiyo hasla. Kama si wewe unayeifanya, kuna mtu kwenye ploti yenu anaifanya. Ni yule ambaye taa yake haizimwi usiku na mchana humwoni. Akaunti niliikodi, mwenyewe akawa anakata chake, na mimi nikalipwa kwa ukurasa.

Usiku mmoja oda ikaingia. Kurasa 12 kuhusu tabia ya ionosfia karibu na ikweta ya sumaku, eneo la Afrika Mashariki, kwa kutumia data ya setilaiti. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mtu yuko huko mbali, amepewa kazi ya kueleza anga iliyo juu ya paa langu la mabati, naye ananilipa mimi nimweleze iko vipi!

Niliiandika. Nilipakua data, nikachora grafu, nikaeleza. Nadhani alipita vizuri maana alirudi na oda nyingine. Jina lililokuwa juu ya karatasi ile halikuwa langu.

Sijivunii. Ule ni udanganyifu, hata ukiupaka rangi gani, na ukiwa bado uko ndani yake sitakuhubiria leo, kodi ni kodi. Lakini kazi ile ilinifunza jambo ambalo miaka minne ya chuo haikunifunza: data ya anga yetu ipo, ni ya bure, na mtu yeyote mwenye laptopu ya mtumba anaweza kuifikia akiwa Ruiru. Kilichokosekana ni sisi.

Tuanze na hiyo anga yenyewe, maana shuleni tuliambiwa habari za mawingu halafu tukarukishwa hadi kwenye sayari. Kutoka Nairobi hadi Thika ni kama kilomita 45. Sasa isimamishe Thika Road wima, iende juu badala ya kaskazini. Ndege za abiria zinazopaa kutoka JKIA huruka kwenye kilomita 11 hivi. Ukienda urefu wa Nairobi hadi Thika mara mbili, yaani karibu kilomita 90, ndipo unaingia kwenye angahewa ya juu. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka kwenye kilomita 400, ambao ni umbali mfupi kuliko safari ya Nairobi hadi Mombasa. Ulidhani ni mbali zaidi, sivyo?

Huko juu hewa ni haba sana lakini haijaisha. Miale mikali ya jua huzigonga chembe za hewa na kuzinyang'anya elektroni, na tabaka lile lenye chembe za umeme ndilo tunaloliita ionosfia. Kila ishara ya GPS inayofika kwenye simu yako imepita humo, na imecheleweshwa.

Wanasayansi wanazihesabuje elektroni ambazo hawazioni? Setilaiti za GPS, zilizo juu kilomita 20,200, hutuma mawimbi ya masafa mawili tofauti kwa wakati mmoja. Chukulia watu wawili wametoka Thika pamoja, mmoja kwa boda, mwingine kwa mathree. Wakifika Nairobi, tofauti ya muda wao inakuambia jam ilikuwaje njiani. Ionosfia hulichelewesha kila wimbi kivyake, na tofauti ile inatoa idadi ya elektroni zilizo njiani. Wanaiita TEC. Kizio kimoja cha TEC ni elektroni 10,000,000,000,000,000 kwa kila mita ya mraba, na husogeza vipimo vya wimbi kuu la GPS kwa sentimita 16. Inaonekana kidogo. Lakini TEC ikifika 100, jambo linalowezekana kabisa mchana huku kwetu jua likiwa kwenye kilele cha mzunguko wake, kosa linakuwa mita 16. Hizo ni ploti ngapi za 40 kwa 80 unavuka?

Simu na vipokezi vya kawaida husahihisha kosa hilo kwa modeli iitwayo Klobuchar, iliyochapishwa mwaka 1987. Iliundwa iondoe karibu nusu ya kosa, basi. Vipokezi vya savea ni bora kuliko hivyo, vinatumia masafa mawili na kituo cha marejeo kilicho karibu. Na nisikudanganye: dereva wa teksi ya app akikuzungusha Githurai 45 huku simu ikisema amefika, usiilaumu ionosfia. Mara nyingi ni maghorofa yanayorudisha mawimbi. Lakini ipo saa yake. Jua likizama, hasa miezi ya Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba, mapovu ya hewa yenye elektroni chache huibuka kutoka chini ya ionosfia na kupanda juu. Mawimbi yakipita humo yanameremeta kama taa ya nyota, na kipokezi kinaweza kuipoteza setilaiti kabisa. Hali hiyo huanza kama saa moja na nusu jioni na inaweza kuendelea hadi usiku wa manane. Ni tabia ya nchi za ikweta. London hawaijui kama tunavyoijua, au tuseme kama tungepaswa kuijua.

Na sisi tumekaa mahali pa ajabu. Ikweta ya ramani inapita Nanyuki, kila mtu ana picha na kile kibao. Ikweta ya sumaku haipiti hapo. Upande huu wa Afrika imepanda kaskazini hadi Ethiopia, karibu na nyuzi 9. Mchana, nguvu za umeme na sumaku huinua plazma juu ya ikweta hiyo kama chemchemi, kisha plazma inateremka pande mbili, kaskazini na kusini, na kurundikana. Rundo la kusini huangukia zaidi upande wa Tanzania. Thika na Ruiru ziko katikati, kati ya chemchemi na rundo, mahali ambapo mambo hubadilika haraka. Mtafiti wa Ulaya angelipa pesa kukaa hapo ulipo.

Na walishalipa. Aprili 26, 1967, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2. Profesa Luigi Broglio alikuwa amebuni chombo rahisi kinachofurahisha: ganda la nje limefungwa kwa springi kwenye kiini cha ndani. Hewa haba ya juu ikilisukuma ganda, springi zinasogea, na msogeo ule unakuambia hewa ni nzito kiasi gani. Setilaiti kadhaa za San Marco zilifuata, ya mwisho ikiruka Machi 25, 1988, na kazi kubwa ya familia ile ilikuwa kuchunguza angahewa ya juu ya ikweta. Tunachokumbuka sisi ni ile iliyoitwa Uhuru, ya Desemba 12, 1970, kwa sababu ya jina lake. Hiyo wala haikuwa ya angahewa, ilitafuta miale ya eksirei kutoka mbinguni. Basi mtoto wa Ngomeni aliona roketi ikipaa juu ya nyumba yao, na hesabu zake zikasomwa Roma.

Utasema hayo ni ya zamani. Njoo basi hapa karibu.

Februari 3, 2022, kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink na kuziweka kwanza kwenye kimo cha chini, kilomita 210 hivi. Dhoruba ndogo ya sumaku kutoka kwa jua ikatokea. Si kubwa, ndogo. Hewa ya juu ikapata joto, ikavimba, ikazidi kuzivuta setilaiti zile. Kampuni yenyewe ilisema msuguano ulipanda kwa hadi asilimia 50 kuliko safari za awali. Setilaiti zipatazo 40 zikaanguka na kuungua. Mwaka uliofuata, Julai, Starlink ikaanza kuuza huduma Kenya, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imejaa hata ikaacha kupokea wateja wapya Nairobi na hapa Kiambu. Kwa hivyo yule jirani yako wa Membley mwenye sahani jeupe juu ya paa anategemea, bila kujua, mtu fulani mahali fulani kukisia vizuri uzito wa hewa ya termosfia.

Halafu Desemba 30, 2024, ile pete ya chuma ikaanguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Kipenyo mita 2.5, uzani karibu kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilisema ni kipande cha roketi. Mitandaoni tulicheka, tukatengeneza memes, tukaendelea na maisha. Swali nililotaka mtu aulize ni hili: nani anahesabu siku na mahali kitu kama kile kitashuka? Anayehesabu anatumia modeli ya hewa ya juu. Modeli ikikosea uzito wa hewa, inakosea saa ya kuanguka, na kitu kinachozunguka dunia kwa dakika 90 hivi, ukikosea nusu saa tu umehama bara.

Ndiyo maana modeli hizi si mchezo. Mojawapo, TIE-GCM ya kituo cha NCAR cha Marekani, hugawa angahewa ya juu kuwa masanduku na kukokotoa joto, upepo na chembe za umeme za kila sanduku, hatua baada ya hatua. Toleo lake la kawaida lilikuwa na sanduku la nyuzi 5 kwa 5. Hiyo ni kama kilomita 550 kila upande. Thika, Ruiru, Nairobi na Mombasa zote zinaweza kuenea ndani ya sanduku la ukubwa huo! Kuna nyingine, IRI, mradi wa kimataifa ulioanza 1968, ambayo hutegemea vipimo vilivyokusanywa kwa miaka. Palipopimwa sana inajua sana. Afrika haijapimwa sana. Hata chombo cha GOLD cha NASA, kilichorushwa 2018 na kutoa picha za kuvutia za ionosfia, kimetulia juu ya upande wa Amerika Kusini. Kenya haimo kwenye picha.

Sisemi hakuna Mkenya. Wapo. Akina Olwendo na Baki na wenzao walichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu TEC juu ya Kenya, kwa vipokezi vya GPS. Lakini uliza kwenye darasa lolote la fizikia kati ya Kahawa na Thika ni wangapi wamewahi kusikia. Tulipofikisha Taifa-1 angani Aprili 15, 2023 tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila setilaiti ile iliundwa itazame chini, ipige picha za ardhi. Hewa inayopita ndani yake imebaki kazi ya watu wengine.

Hapa ndipo nina ugomvi na vyuo vyetu. Nitasema kuhusu nilikosoma, sitakitaja. Programu za kompyuta tulifundishwa kwa ubao. Mradi wa mwaka wa mwisho nilipewa kichwa ambacho kaka wawili walionitangulia walishakifanya, na kila mtu alijua. Hakuna aliyeniambia kwamba kando ya Thika Road, Kasarani, kwenye kituo cha RCMRD, kuna kipokezi cha GPS kinachojulikana duniani kwa jina RCMN, na kwamba rekodi zake huwekwa wazi. Nimepita hapo kwa mathree mara ngapi, nikienda kuchapisha notsi tauni? Kuna kingine Malindi, MAL2. Kila mwanafunzi wa fizikia wa barabara hii angeweza kuhitimu akiwa amechambua mwaka mmoja wa anga ya kwao, na kazi ile ikawekwa mtandaoni kwa jina lake. Haihitaji maabara mpya. Haihitaji waziri kuja kukata utepe. Inahitaji mhadhiri mmoja aliye tayari kubadilisha orodha ya vichwa.

Sasa najua unachotaka kuuliza, maana mamangu pia aliniuliza: kuna doo huko?

Jibu fupi ni hapana, si moja kwa moja. Hakuna kampuni Thika inayotangaza nafasi ya mtaalamu wa ionosfia, na atakayekuambia zipo anakuuzia kozi. Lakini angalia unachojifunza ukihangaika na kitu hiki: Python, Linux, kusoma faili kubwa za data, milinganyo ya hewa inayotiririka, na kujua wakati kompyuta inakudanganya. Zile oda za ng'ambo zilianza kunikaukia 2023, baada ya ChatGPT kuja. Wengi wenu mliona hivyo hivyo. Kilichonitoa si zile kurasa nilizoandika kwa majina ya watu, maana siwezi kumwonyesha mwajiri hata moja. Miaka ya kazi, folda imejaa, na hakuna kitu naweza kusema ni changu. Nilipata kibarua cha kuchambua data ya mvua kwa sababu ya michoro michache ya TEC niliyofanya baadaye, kwa jina langu, bila kulipwa na mtu.

Michoro yenyewe ilinitesa. Modeli ya kwanza niliyoendesha ni SAMI2, ya maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani. Haihesabu dunia nzima, inakata kipande kimoja tu cha ionosfia kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hivyo laptopu ya kawaida inaiweza. Niliiwekea longitudo 37, yaani hapa hapa, nikaiwasha saa nne usiku nikalala. Saa saba stima zikapotea. Betri yangu, kama betri zote za laptopu za mtumba, ilikuwa pambo. Asubuhi hakuna kitu. Usiku wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu nikajifunza kuifanya ihifadhi matokeo kila baada ya muda, jambo ambalo kitabu kingeniambia kwa sentensi moja, ila nisingelisikia. Siku hizi ningetumia Google Colab, inakopesha kompyuta yao bure na stima zikienda kwako kwao hazijaenda. Kwa hewa ya termosfia kuna MSIS, na unaipata ndani ya Python kwa amri moja ukiandika pymsis.

Data nayo usiitafutie mjomba. COSMIC-2, setilaiti sita za Taiwan na Marekani zilizorushwa Juni 25, 2019, zinazunguka karibu na ikweta tu, kama zilitengenezwa kwa ajili yetu. Zinaitazama GPS ikizama nyuma ya dunia na kusoma tabaka moja baada ya jingine. Swarm za Ulaya, tatu, ziko juu tangu Novemba 2013. Zote milango iko wazi. Kwa mwanzo hata usiende huko. Chukua ramani za TEC za dunia nzima zinazotolewa na mtandao wa IGS. Faili ya siku moja, ikiwa imebanwa, haifiki megabaiti moja. Bando la shilingi 20 linatosha na linabaki la TikTok.

Ukikosa pa kuanzia, anza na Mei 10, 2024. Usiku huo dhoruba kubwa ya jua iliipiga dunia, kubwa kuliko zote tangu 2003, na huko Marekani wakulima walisimamisha matrekta yao shambani kwa sababu GPS ilikuwa haiaminiki, wakiwa katikati ya msimu wa kupanda. Huku kwetu ilikuwaje? Chukua siku tatu kabla na siku tatu baada. Toa TEC ya nukta iliyo karibu zaidi na Thika, chora mistari saba kwenye karatasi moja, halafu tazama ni mstari upi umeasi. Kisha linganisha na IRI inavyodhani ilipaswa kuwa. Usiku wa kwanza utakwama kwenye kusoma faili yenyewe, ile ya IONEX, kwa sababu nambari zake zimepangwa kwa njia ya kizamani na zinahitaji kuzidishwa kwa kipeo kilichoandikwa huko juu mwanzoni. Mimi nilikwama hapo siku mbili. Ukishavuka, andika jina lako juu ya ule mchoro, na chini yake andika ulikoufanyia, Ruiru au Thika au Juja, kabla hujamtumia mtu yeyote.